"Alichelewa Kufika": barua ya wazi kutoka kisiwa kidogo cha Pemba

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar mnaosimamia afya, ujenzi na uchukuzi, maji na nishati, na uchumi wa buluu. Wakuu wa Mikoa ya Kaskazini Pemba na Kusini Pemba. Na masheha wa shehia zote zenye bahari.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ama baada ya salamu, mimi ni nahodha. Msinidhanie nahodha wa meli yenye tiketi na viti vya kulalia. Nina boti ya faiba yenye mashine moja, inayobeba watu, mikungu ya ndizi, mabati, na mbuzi wakati wa Iddi, baina ya kisiwa chetu na Pemba kubwa. Kisiwa chenyewe sikitaji. Vinavyokaliwa na watu pembezoni mwa Pemba ni vingi: Fundo, Kojani, Makoongwe, Kisiwa Panza, Shamiani na vyenginevyo, na haya nitakayoyasema ndugu zangu wa huko kote wanayajua. Nikitaja changu, mtu ninayemzungumza atajulikana mpaka nyumba yake, na nyinyi mtasema tatizo ni la kisiwa kimoja.

Nimeandika juu ya akina mama wanaojifungua na watoto wachanga wa visiwani, kwa sababu ya maneno mawili yaliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki ya mke wa mpwa wangu. Nitayafikia.

Usiku wenyewe ulikuwa wa mwezi kumi na tano. Mtu wa pwani akisikia hivyo anajua ni bamvua: maji hujaa sana alfajiri na alasiri, na hukauka sana mnamo saa nne, saa tano, asubuhi na usiku. Uchungu ulimshika mke huyo wa mpwa wangu tangu adhuhuri. Mkunga wa jadi, ambaye ni bibi yetu sote pale mtaani, alimpapasa tumbo akasema huyu apelekwe ng'ambo. Mavyaa wake, yaani mama mkwe, akasema tumngoje mwenyewe mume, yuko dago, kambi ya wavuvi ya mbali, apigiwe simu atoe ruhusa. Simu ikapigwa, dagoni hakuna mtandao. Ikapigwa baada ya magharibi, ikapigwa baada ya isha. Saa tatu na nusu za usiku ndipo mzee wa nyumba alipokata shauri, akaja kunigongea mlango.

Nami nimo katika lawama, sijitoi. Tangi langu lilikuwa na petroli ya kufika nusu ya njia, kwa sababu jioni ile nilikuwa nimemuuzia mvuvi mmoja aliyekuwa na haraka zake. Tukazunguka milango miwili mitatu kutafuta dumu. Tulipolipata na kushuka diko, pale pwani tunapoegesha vyombo, boti imelala ubavu juu ya mchanga, mwezi unaimulika, na maji yako mbali utadhani yamehama.

Kungoja maji yarudi kuinua boti kungetuchukua mpaka saa saba na zaidi. Basi tukamlaza kwenye kitanda cha kamba, wanaume sita tukamtia mabegani, tukashuka naye pwani kavu, tukapita juu ya mashamba ya mwani tukijikwaa kwenye vigingi na kamba za watu, mpaka kwenye mkondo, tukampata mvuvi mmoja wa mshipi na ngalawa yake. Ngalawa hailazi mtu. Alikaa ameegemea kifua cha mavyaa wake, naye mavyaa hakusema neno njia nzima. Tukaenda kwa pondo, tukaenda kwa kasia. Kule tulikoshukia nako maji yamekupwa, gati hakuna, tope la magotini, tukambeba tena. Gari ilikuwa moja, ya mwenye duka, Mungu amlipe, na barabara ni ya udongo, msimu wa masika. Ilikwama mara mbili.

Hospitali tuliyofika siitaji. Ilikuwa saa nane kasorobo za usiku. Umeme umekatika. Jenereta lipo, mafuta yamo, na aliye na ufunguo wa chumba cha jenereta yuko kwao amelala. Muuguzi wa zamu alikuwa peke yake na wazazi wawili wengine, nao wanajifungua, mbele yake, ameibana simu yake baina ya shingo na bega ili taa imsaidie. Yule binti sitamsahau. Kama kuna mtu aliyefanya kazi yake usiku ule mpaka ikapita kiasi, ni yeye.

Mtoto alizaliwa kabla ya adhana ya alfajiri. Wa kiume. Hakulia. Wakamsugua, wakampulizia hewa kwa kile kipira, hakulia. Mama alitoka damu nyingi mpaka akawa haongei, akaongezwa damu ya kaka yake, akarudi. Leo, alhamdulillahi, ana binti wa miaka miwili anayenivuta ndevu kila nikipita.

Alipotoka hospitali alipewa kadi yake. Imeandikwa kwa wino wa buluu: "Alichelewa kufika."

Sibishi kwamba alichelewa. Naona uchungu tu kwamba sentensi imekomea hapo, kana kwamba mwanamke yule alikuwa amekaa kwake anasukwa nywele. Kuna binti ya dada yangu ambaye ni muuguzi, na mengi ya kitaalamu humu nimefundishwa naye. Aliniambia, mjomba, jambo hili lina jina na lina umri. Tangu mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba mama anayekufa kwa uzazi hucheleweshwa mahali patatu: nyumbani katika kuamua, njiani katika kufika, na ndani ya kituo katika kuhudumiwa. Kila aliyesomea ukunga amepita kwenye somo hilo. Basi nikachukua daftari langu la petroli nikaupiga hesabu usiku ule. Tangu adhuhuri mpaka saa tatu na nusu: ruhusa na mtandao wa simu. Tangu saa tatu na nusu mpaka saa nane kasorobo: petroli, maji kupwa, gati lisilokuwepo, barabara. Tangu hapo mpaka mtoto kuzaliwa: umeme, ufunguo, na muuguzi mmoja kwa wazazi watatu.

Waheshimiwa, katika saa zote zile, zilizokuwa mkononi mwa watu wa afya ni zile mbili za mwisho, na hata hizo umeme umo ndani yake. Zilizobaki ziko kwenu nyinyi wengine, na kwetu sisi wa diko.

Upo utaratibu wa serikali wa kukaa na kupitia kila kifo cha mzazi na cha mtoto mchanga, kutafuta nini kilimpata na nini kingezuia. Ni utaratibu mzuri, na anayeufanya kwa haki anastahiki shukurani. Lakini nani hukaa kwenye kikao hicho? Daktari, mkunga, msimamizi wa wodi, mtu wa wilaya wa afya. Wanaulizana wenyewe, wanajibizana wenyewe, na kosa likiwa la barabara wanaandika "usafiri", likiwa la bahari wanaandika "umbali", kisha faili linafungwa na kurudi kwenye kabati la wizara ile ile ambayo haina katapila wala boti ya kuchimbia mkondo. Mhandisi wa barabara hajui hata kama njia yake imetajwa. Mtu wa umeme hajui kama usiku fulani, saa fulani, laini fulani ilipokatika, kulikuwa na mwanamke mezani.

Ombi langu kubwa ni hilo, na mkilitimiza hilo peke yake mengine nitayasamehe. Kikao cha mapitio ya kifo cha uzazi kisiwe cha watu wa afya pekee. Aitwe mhandisi wa wilaya. Aitwe mtu wa Shirika la Umeme na mtu wa Mamlaka ya Maji. Aitwe sheha wa shehia alikotoka marehemu, na mwenye gari au mwenye boti aliyemchukua. Majina ya familia yafichwe, sisi tuna heshima zetu. Na badala ya "alichelewa kufika" kuandikwe saa: saa hii alikuwa hapa, saa hii hapa, na kilichomzuia ni kadha. Kila palipokwama pawe na ofisi inayohusika, na ofisi hiyo ije kikao kinachofuata iseme imefanya nini. Hata wale walionusurika, kama mkaza mpwa wangu, wahesabiwe. Mimi niliyemchukua sijaulizwa swali hata moja na mtu yeyote mpaka leo.

Najua mtaniambia manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kweli. Methali hiyo ni yetu wenyewe watu wa baharini, hamwezi kunifundisha. Lakini hata jahazi lenye nahodha mmoja lina sarahangi, lina mshika usukani, lina anayetweka tanga, na lina kijana wa kufua maji. Nahodha wa jambo hili ni Wizara ya Afya, hapana mgogoro. Ila kwa sasa amebaki peke yake chomboni, anashika usukani kwa mkono mmoja na kufua maji kwa mkono wa pili, na nyinyi wengine kila mmoja ana jahazi lake anakwenda zake. Bajeti zenu husomwa kule Chukwani, Baraza la Wawakilishi, wizara kwa wizara, siku kwa siku. Nimezisikiliza redioni miaka mingi. Barabara husomwa kwa kilomita na gati kwa mita. Sijawahi kusikia gati likiombewa fedha kwa sababu wajawazito wa upande ule hubebwa topeni.

Sasa niseme la mwani, maana hili linanikera kuliko mtakavyodhani, na dawa yake haina gharama.

Wanawake wa kwetu wengi ni wakulima wa mwani. Shamba la mwani huendewa maji yakikauka sana, yaani bamvua, na kama nilivyotangulia kusema, bamvua ya kwetu hukauka mnamo saa nne na saa tano za asubuhi. Saa hizo hizo ndizo za kliniki. Mwanamke mwenye mimba ya miezi sita anachagua: aende akapimwe presha, au aende akafunge kamba zake kabla maji hayajarudi. Akikosa siku tano sita za bamvua amekosa fedha ya nusu mwezi. Mnamlaumu akichagua shamba?

Tena kuna hesabu nyingine ambayo mtu wa bara haioni. Huduma ya mkoba, wale wauguzi wanaokuja na boksi lao la chanjo na mzani, wakipangiwa kuja kila baada ya wiki mbili, tuseme kila Jumanne moja ikipita moja, kalenda yao na bamvua zinakwenda bega kwa bega. Bamvua hurudi baada ya siku kumi na nne na robo tatu hivi. Wiki mbili ni siku kumi na nne. Kwa hiyo Jumanne ikishaangukia bamvua, inaangukia tena, na tena, na tena, kiasi cha miezi mitatu, ndipo ichomoke. Miezi mitatu ni theluthi ya mimba. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linataka mjamzito aonwe mara nane kabla ya kujifungua. Zihesabuni hizo nane kwa mwanamke wa mwani, kisha mniambie kama anapuuza.

Dawa yake ni kwamba mpanga ratiba wa kliniki akae na mtu wa uvuvi, au na sisi, au na jedwali la maji ambalo hujulikana mwaka mzima kabla. Kliniki ya visiwa iende kwa mwezi wa angani. Siku za maji mafu, bahari isipokauka sana, wanawake wako majumbani, waleteni wauguzi siku hizo. Hili halihitaji mfadhili wala semina ya posho. Linahitaji watu wawili wa wizara mbili wakae kwenye benchi moja kwa nusu saa, na hilo benchi naweza kulileta mimi.

Nisionekane sina shukurani. Abdalla Mzee pale Mkoani ilijengwa upya kwa msaada wa China ikafunguliwa 2016, na nani aliyeijua ile ya zamani asiyeona tofauti? Hospitali mpya za wilaya zimesimama. Umeme wa Pemba tulikuwa tukiupata kwa majenereta ya kukoroma, mpaka ulipokuja waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010. Na hesabu za taifa zinaonyesha tulipotoka: uchunguzi wa afya wa Tanzania wa 2015 na 2016 ulikuta vifo 556 vya wazazi kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakuta 104. Hayo ni maendeleo, anayeyakataa ni mshindani tu.

Ila uchunguzi huo huo una safu nyingine, ya watoto wasiotimiza mwezi mmoja. Mwaka 2010 walikufa 26 katika kila 1,000 waliozaliwa hai. Mwaka 2015 na 2016 wakawa 25. Mwaka 2022, 24. Miaka kumi na miwili, watoto wawili. Dunia imeahidi kufika 12 itakapofika 2030. Kwa mwendo huo tutafika wakati yule anayenivuta ndevu ni bibi mwenye vitukuu. Na wale wanaozaliwa wameshakufa hawamo hata kwenye hesabu hiyo.

Binti ya dada yangu ananifafanulia kwa nini safu ya akina mama imeshuka na ya watoto imeganda. Anasema mtoto mchanga hufa kwa vitu vidogo vidogo vilivyotawanyika: kukosa pumzi dakika za mwanzo, maambukizi, kuzaliwa kabla ya siku. Pumzi inataka mkunga asiyekuwa peke yake. Maambukizi yanataka maji ya bomba kwenye chumba cha kuzalia, siku zote, hata mwezi wa kiangazi ambapo sisi sote tunajipanga na madumu. Mkunga anayenawa mikono kwa maji ya kopo, maji yake yako kwa ofisi nyingine kabisa. Njiti wanataka joto. Kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi, kinatosha kwa wengi wao, lakini mama mwenyewe lazima apate pa kukaa siku kadhaa na mtu wa kumletea chakula, na huyo wa kuleta chakula anataka nauli ya kuvuka bahari.

Na umeme. Ile dawa ya sindano wanayompiga mzazi baada ya kujifungua ili damu isimtoke inataka kuhifadhiwa kwenye ubaridi wa digrii 2 mpaka 8. Friji ikikosa umeme mara kwa mara, dawa hupungua nguvu kidogo kidogo, chupa ziko pale pale, zina rangi ile ile, na mkunga anapiga sindano iliyopungua nguvu bila kujua. Damu ya uzazi, wanasema wataalamu, inaweza kumuua mwanamke mzima wa afya ndani ya saa mbili. Mimi kutoka kwetu mpaka hospitali, siku ya bahari nzuri na maji yamejaa, saa hizo mbili zinaniponyoka.

Kuna kisa kimoja cha Unguja ambacho naona kila anayekaa meza ya nishati angekijua. Mwezi Mei 2008 umeme wa Unguja ulikatika kwa muda wa kama wiki nne. Wakubwa tunaukumbuka. Baadaye mchumi mmoja akafungua madaftari ya wodi ya wazazi akapima uzito wa watoto, akakuta kwamba wale ambao mimba zao zilikuwa changa wakati wa giza lile walizaliwa na uzito mdogo kuliko wenzao. Hawakuwa wamezaliwa gizani, walizaliwa miezi mingi baadaye, taa zinawaka. Alichokiona ni kwamba kazi zinazotegemea umeme zilisimama, kipato kikaanguka, na njaa ya mama ikaingia kwenye mzani wa mtoto. Basi fundi anayetengeneza waya naye ni mkunga, ila hakuna aliyemwambia.

Chumvi nayo nitaigusa kidogo tu. Pemba tunachemsha na kuanika chumvi yetu wenyewe, na utafiti uliochapishwa 2006 ulikuta upungufu wa madini joto uko zaidi huku kwetu kuliko Unguja. Madini joto yakipungua kwa mjamzito, ubongo wa mtoto ndio unaolipa. Dawa iko kwa watu wa viwanda na biashara, wamsaidie mwenye shamba la chumvi kuyachanganya. Na safura: maabara ya Ivo de Carneri iko pale Wawi tangu 2000 ikichunguza minyoo na kichocho, elimu tunayo mlangoni. Mwanamke ambaye damu yake imeliwa na safura tangu skuli hana akiba ya kupoteza siku ya kujifungua. Hapo ofisi zinazohusika ni za vyoo, viatu na skuli.

Nirudi kwa mavyaa na ruhusa, maana nisipolisema mtasema nahodha anawatupia wakubwa yote. Sisi wanaume wa visiwani tunakwenda dago wiki tatu, mwezi, na tunaondoka na ruhusa mfukoni kama ufunguo wa sanduku. Nimemwendea imamu wetu, mtu mwenye busara, nikamuuliza kama kuna ubaya mume kutamka mbele ya mashahidi kabla ya kuondoka kwamba mke wake akishikwa na uchungu au akiona damu, aende bila kumngoja yeyote. Akacheka akasema, ubaya uko wapi, ubaya ni kutosema. Basi Ijumaa moja akalisema kwenye hotuba, na sasa baadhi yetu tunafanya hivyo, pamoja na kuacha fedha ya petroli kwa jirani. Ofisi ya Mufti ikilipeleka jambo hili kwenye misikiti yote ya pwani, litaokoa watu wengi kuliko mabango. Mkunga wetu wa jadi naye asitishwe na kufukuzwa. Yeye ndiye aliyesema saa saba mchana kwamba apelekwe. Kama tungemsikiliza yeye, boti ingekuta maji.

Siku hizi kuna m-mama, utaratibu wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, namba 115. Unapiga bure, kituo kinatafuta gari ya wagonjwa, na ikikosekana anaitwa dereva wa jamii aliyeandikishwa, analipwa kwa simu. Nimeutaja mwisho kwa makusudi, maana huo ni ushahidi kwamba ninaloliomba linawezekana. Watu wa afya, watu wa simu na madereva wa mitaani wamekaa chombo kimoja na chombo hakikwenda mrama. Lakini 115 haiwezi kuinua maji yaliyokupwa, na pasipo mtandao ni namba tu. Kule kwetu ili upige simu usiku lazima upande nyuma ya msikiti wa zamani, palipo na mbuyu, usimame upande wa kusini. Sitanii. Watu wa mawasiliano wakitaka kujua mnara uwekwe wapi, waulize wajawazito wa visiwani husimama wapi kupiga simu.

Na KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, wana boti ziendazo kasi na wanaijua bahari hii kuliko mimi. Usiku wa dharura, kwa nini boti hizo zisiwe kwenye orodha ile ile ya 115? Labda zipo kwenye mipango, Mungu awajaalie. Kama zipo, tuambiwe namna ya kuziita.

Sisi kwa upande wetu tumeshaanza. Manahodha watano wa diko letu tumekubaliana kwamba dumu moja la petroli haliuzwi, liko kwa mwenye duka, lina alama ya rangi nyekundu. Siku za bamvua boti moja inafungwa nje kwenye mkondo, haipandishwi, ili kusiwe na kubebana tena juu ya vigingi vya watu. Kijana wa kulala ndani yake tunamlipa kwa samaki. Wavuvi kumi na mmoja wamekubali kujua kundi la damu yao na kuitwa wakati wowote, Ramadhani baada ya futari. Ni mambo ya watu wenye njaa, ndiyo tuliyoyaweza.

Kilichobaki hatukiwezi. Gati hatuwezi kulijenga kwa samaki.

Kwa hiyo nawakaribisha. Njooni mfanye kikao kimoja kwetu, wizara zote nilizozitaja, na mhandisi, na mtu wa umeme. Msije kwa helikopta, wala msije siku ya maji mafu ambapo kila kitu huonekana kizuri. Njooni siku ya mwezi kumi na tano, mfike diko la upande wenu saa nne za asubuhi, mvae viatu ambavyo hamtavihurumia. Boti yangu mtaikuta imelala. Kitanda cha kamba nitakuwa nacho, kipo, hatukukitupa. Tutatembea pamoja kutoka hapo mpaka kwenye mkondo, na atakayeshika saa ni muuguzi.

Wasalaam,

Nahodha, kisiwani Pemba